Nakuja Mwezi Ujao

9 Januari

Kitinda, mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute umeshuka mnarani salama, miguu yote miwili iko chini. Wifi hajambo? Na mapacha wangu, wameshaota meno ya mbele au bado wanacheka kama vikongwe? Huku Chiriku yuko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na domo ni lile lile. Jina tulilompa utotoni limemkaa kama nguo ya kupimwa. Anamsalimu mjomba wake, anasema ukija umletee ile kofia ngumu ya kazini aivae siku ya mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wamwogope.

Naandika kwa sababu simu yako haipatikani, na hata ingepatikana, mdomo wangu umejaa vidonda, kuongea ni kazi. Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mwezi wa kumi nilianza kuota madoa ya zambarau mikononi. Nikadhani najigonga kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kisha fizi zikawa zinatoka damu nikipiga mswaki. Kisha siku moja, nikiwa nashona kola za sare za shule, nikaanguka kutoka kwenye kiti. Chiriku akanipeleka hospitali kubwa. Walinitoa damu asubuhi. Mchana daktari akaja na kiti chake, akakaa. Daktari akikaa, ujue jambo si dogo. Akasema ni saratani ya damu.

Nililazwa wiki tano. Dawa ziliingia kwa mrija hapa kifuani, moja nyekundu kama sharubati. Nywele zimekwisha, kichwa changu sasa ni kama cha marehemu baba, na masikio yamejitokeza hivyo hivyo. Sasa niko nyumbani. Ugonjwa umelala. Daktari anasema umelala tu, haujaondoka, na utaamka nisipopata cha kuung'oa. Cha kuung'oa ni uboho wa mfupa kutoka kwa mtu mwingine, na mtu huyo hutafutwa kwanza kwa ndugu wa tumbo moja.

Tumbo letu lilitoa wawili tu, Kitinda. Wametuma boksi lenye vichupa kwenye zahanati ya mji wenu. Nenda wakutoe damu kidogo, waipime kama inalingana na yangu.

Dada yako.


2 Februari

Dada yangu,

Barua yako ilikaa siku nane kwa dereva wa stoo kabla hajapanda huku. Ndiyo maisha yetu, tunapaka rangi minara ya simu, lakini kambini hakuna mtandao. Wifi yako hajambo, mapacha wameota meno, na mmoja ameanza kung'ata.

Nimeisoma mara tatu. Ya nne nilishindwa. Nilishuka mjini siku iliyofuata, nikaenda zahanati. Nesi aliniambia nitazame ukutani, nikatazama ukutani, akamaliza. Nilikaa kidogo kwenye benchi la nje, kisha nikarudi kazini.

Dada, wewe ndiye uliyeniogesha, ukanifundisha kufunga kamba za viatu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, sura yake siikumbuki, naikumbuka yako. Wakisema tunalingana, waambie wachukue mfupa mzima. Kofia ya Chiriku nimeshaiweka kando.

Mdogo wako, Kitinda.


3 Machi

Kitinda wangu,

Salamu za huku ni njema kuliko za mwanzo. Vidonda vya mdomo vimepona, nakula. Chiriku kafundisha wiki mbili shule ya jirani, kasema watoto walimwita “mwalimu redio”.

Majibu yametoka. Daktari wangu ni mama mmoja mfupi, hacheki ovyo, lakini siku hiyo alicheka. Kasema tunalingana kila kitu, kama pacha. Nilitoka pale nikasimama kwenye korido, nikalia mbele ya watu, na mfagiaji akanipa kitambaa chake.

Wanataka ufike tarehe ishirini mwezi huu. Usiogope, nimeuliza yote kwa niaba yako. Utapewa nusu kaputi, utalala kifudifudi, watavuta uboho kwa sindano kwenye nyonga. Ni kitu kidogo. Utalala saa moja tu, kesho yake unakwenda nyumbani, utachechemea siku mbili tatu kama mtu aliyepanda punda. Chumba changu kimeshatengwa wodi ya saratani, wakishaniingiza sitatoka mwezi mzima.

Daktari aliuliza kama wampime na Chiriku, awe akiba. Mtoto hulingana na mzazi nusu, na siku hizi hata nusu inatumika. Nikamwambia hakuna haja. Ana mtihani wa mwisho mwezi wa sita, na mdogo wangu akisema anakuja, anakuja.

Dada yako.


28 Machi

Dada,

Tunamshukuru Mungu, wote hapa wazima. Najua tarehe imepita. Msimamizi amekataa kuniachia, kuna mnara wa mita themanini unatakiwa uishe kabla ya mvua, na wa kupanda juu kabisa ni mimi na mwenzangu mmoja ambaye sasa anaumwa mgongo. Nimemweleza, kasema mwezi huu hapana.

Nakuja mwezi ujao. Katikati ya Aprili niko hapo. Mwambie daktari asikukasirikie.

Kitinda.


19 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mvua zimeanza, na paa la karakana linavuja palepale pa kila mwaka, fundi mwenzangu kaweka ndoo.

Tulikusubiri tarehe kumi na tano. Chiriku alikwenda stendi, mabasi mawili yakashusha watu, akarudi. Nikamwambia labda umekosa nafasi. Chumba wamempa mgonjwa mwingine, si vibaya, naye ana watu wake. Daktari kauliza una tatizo gani, nikamwambia ndugu yangu anafanya kazi juu, akishuka atakuja. Kaandika tarehe kumi Mei. Kauliza tena habari ya Chiriku. Nimesema tusubiri.

Damu yangu wiki hii si mbaya. Najichunguza mikono kila nikioga.

Nisalimie wifi.

Dada.


16 Mei

Dada mpendwa,

Mapacha walipata homa wote wawili kwa pamoja, ndiyo maana. Sasa wana nafuu. Na daraja la njia kuu lilikatika, magari yakazunguka. Nimekutumia sweta kwa mkono wa dereva, nilisikia dawa hizo huleta baridi.

Mwezi ujao, Dada. Safari hii bila kukosa.

Kitinda.


2 Juni

Kitinda,

Sweta imefika. Inanitosha.

Madoa yamerudi Jumatatu. Ugonjwa umeamka. Nimelazwa tena, naanza dawa upya, na hizi ni kali kuliko zile za mwanzo. Nikizimaliza nikiwa hai, Chiriku ndiye atakayetoa uboho. Wamempima jana. Mtihani hatafanya, mwaka huu kaupoteza.

Nilikubeba mgongoni mpaka watu wakadhani nimekuzaa mimi. Nilikataa kuolewa mara ya kwanza kwa sababu yule bwana alisema hataki kulea mtoto wa mkwewe. Sijawahi kukuambia hilo, na sikutaka ulijue. Leo lijue.

Usije. Usiandike.


11 Julai

Dada,

Umesema nisiandike. Hii ukiichana nitaelewa. Lakini ichane ukishaisoma.

Hakukuwa na msimamizi aliyenikatalia. Mnara wa mita themanini ulikuwepo, lakini siku niliyomwambia habari yako aliniandikia ruhusa palepale, akanipa na gari la kunifikisha stendi. Mapacha hawakuwa na homa. Daraja halikukatika.

Mara ya kwanza, Machi, nilifika. Nilisafiri siku mbili, nikashuka, nikatembea mpaka geti la hospitali yenu. Kuna mwanamke pale anauza barakoa na miswaki. Nikanunua mswaki, nikasimama. Mlinzi akauliza naenda wodi gani. Nilijua jina la wodi, Dada, ulikuwa umeniandikia. Nikarudi stendi nikiwa na mswaki mkononi, nikapanda basi la kurudi. Aprili nilifika tena, siku moja kabla ya tarehe. Nilimwona Chiriku kwa mbali, ameshika chupa mbili za chai, anaingia karakana yenu. Kakonda. Nilitaka kumwita. Nikapanda basi.

Watu wa kazini wananiita Tai. Napanda mahali ambapo upepo unayumbisha chuma chenyewe, na sitetemeki. Ndiyo maana hakuna aliyenielewa, hata mimi.

Nikuambie kitu ambacho nimekificha miaka ishirini na mbili. Siku baba anafanyiwa ile operesheni ya ngiri, wewe ulikuwa umejifungua Chiriku, hukuweza kuja. Tulikuambia baba aliridhia mwenyewe akaingia akicheka. Haikuwa hivyo. Baba alikataa. Alikaa kitandani amevaa lile gauni la hospitali, miguu yake myembamba inaning'inia, akaniambia, “Mwanangu, tuondoke. Ngiri nimeishi nayo, nitaendelea kuishi nayo.” Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia, “Ni kitu kidogo, baba. Utalala saa moja tu.” Karatasi nilitia sahihi mimi. Akalala, hakuamka. Walisema ni moyo, haukuhimili dawa ya usingizi.

Barua yako ya Machi ilikuwa na maneno hayo hayo. Hukujua. Niliyasoma nikiwa kwenye ngazi ya mnara, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilishikilia chuma kwa mikono miwili nikashindwa kupanda wala kushuka. Mwenzangu alikuja kunitoa.

Wifi yako alikuwa hajui chochote. Alidhani nilikwenda nikatoa, kwa sababu nilirudi nikichechemea. Nilikuwa najifanya. Barua yako ya Juni ndiyo aliyoisoma yeye kabla yangu. Hakunigombeza. Aliwachukua mapacha wakaenda kwao, kasema atarudi akijua yuko na mtu wa namna gani.

Sikuombi chochote. Nilitaka tu mtu mmoja duniani ajue, na mtu huyo siku zote umekuwa wewe.

Kitinda.


30 Oktoba

Dada,

Sijui kama unasoma. Wifi yako alimpigia Chiriku, akajibiwa, “Mama yupo,” simu ikakatwa. Nimelishika neno hilo miezi miwili sasa. Yupo.

Wifi amerudi nyumbani. Anaongea na mimi mambo ya watoto na ya jikoni. Ni mwanzo.

Kitinda.


22 Februari

Kitinda,

Ninayesema ni mimi dada yako, anayeandika ni Chiriku. Nimemwomba aandike kila neno kama lilivyo, hata yasiyompendeza. Vidole vyangu havishiki kalamu, nitakueleza.

Kwanza salamu. Nimefurahi wifi amerudi, na usimharakishe. Fundi mwenzangu wa karakana kaolewa akiwa na miaka hamsini na mbili, gauni alilikata mwenyewe, nami nilikaa pembeni nikimsumbua kwa maneno.

Barua zako zote nilizisoma. Ile ya Julai nilisomewa, kwa sababu macho yalikuwa yamefunga kwa vidonda. Chiriku alisoma mpaka pale pa stendi na chupa za chai, akatoka nje. Nesi ndiye aliyemalizia.

Waliniwekea uboho wa mwanangu tarehe tatu Agosti. Nilidhani ni operesheni, kumbe ni mfuko mdogo kama wa damu, unatundikwa, unadondoka. Yeye alikuwa chumba cha pili, amelala kifudifudi. Alipoamka aliletwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye kioo cha mlango wangu, maana kuingia haruhusiwi mtu. Tulitazamana. Yule mtoto ambaye hata usingizini huongea, siku hiyo hakusema neno. Na tangu siku hiyo, Kitinda, nyumba yangu imekuwa kimya. Anapika, ananifulia, ananisindikiza kliniki, lakini lile domo limekwenda sijui wapi. (Mama, hilo nisiandike. Anasema niandike.)

Baada ya hapo niliharisha siku arobaini, ngozi ya viganja ikatoka kama soksi. Nilipolia machozi hayakutoka, macho yamekauka mpaka leo, natiwa matone. Damu yangu si ile ya kuzaliwa. Nilikuwa kundi moja na wewe na baba, sasa niko kundi la mwanangu. Chanjo zote zimefutika mwilini, naanza upya kama mtoto mchanga. Wiki iliyopita nilikaa foleni ya kliniki katikati ya akina mama wenye vichanga, nesi akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia, “Mtoto ni mimi.” Akina mama wakacheka sana. Na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Daktari anasema ugonjwa hauonekani. Haniambii nimepona, nami simuulizi.

Sasa vidole. Zile dawa kali za mara ya pili zimeniua mishipa. Vidole vyote kumi vina ganzi kama nimevaa glavu nene. Nikishika pini sijui kama nimeishika mpaka niitazame. Tundu la sindano nimelisahau. Niliketi kwenye cherehani Desemba, kitambaa kikapita, kidole nacho kikapita, na nikajua tu nilipoona damu kwenye kola. Cherehani nimempa fundi mwenzangu. Mimi sasa napokea wateja, nawapima kwa futi, nawaambia wageuke. Miaka thelathini nilishona, siku hizi nawaambia watu wageuke.

Nimekueleza haya ili ujue hesabu yako yote, maana ulisema unataka ujulikane ulivyo, basi na wewe nijue nilivyo.

La baba nimelilia. Ungeniambia zamani, tungelibeba wawili. Hukumuua baba. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja, ukamwambia mzee maneno ambayo kila mtu huwaambia wagonjwa. Hilo nakuondolea leo, na naliondoa kwa moyo wote, lala nalo salama.

Lakini la kwangu ni jingine. Sikukasirikia woga wako. Mimi mwenyewe nilijikojolea siku wananitoboa mgongo. Ungeandika mstari mmoja mwezi wa tatu: Dada, siwezi, naogopa. Mstari mmoja tu. Daktari angemchukua Chiriku mwezi ule ule, ugonjwa ukiwa umelala. Ningekuwa nashona. Naye angefanya mtihani wake. Wewe kila mwezi ukaniandikia nakuja mwezi ujao, nami kila mwezi nikamwambia daktari tusubiri. Nilikuamini mpaka nikaumia. Na kosa hilo ni langu pia, kwa sababu nilipewa njia nyingine mara mbili nikaikataa, ili niwe nimeokolewa na wewe. Nilitaka iwe wewe.

Sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Nimejaribu kusema neno hilo nikiwa peke yangu bafuni, halitoki. Nimechoka kulisubiri. Huenda litakuja, huenda halitakuja, na umri wangu siujui umebaki kiasi gani. Nimefikiri wiki tatu, nikaona sitaki kufa nikiwa sijakuona, na sitaki kuishi nikiwa sijakuona. Kwa hiyo njoo hivyo hivyo, bila msamaha. Njoo na mapacha, waje wanicheke kichwa, nywele zimeota za kipilipili kama za mwana-kondoo.

(Hapa niliweka kalamu chini. Mama alikaa tu, mikono imelala mapajani, akisubiri. Nimeishika tena.)

Usiniandikie tarehe. Tarehe zako sizitaki. Siku utakayofika ndiyo hiyo.

Dada yako.

Mjomba,

Ya juu yote ni ya mama, sikuongeza wala kupunguza. Mimi sijakuita. Lakini ukibisha hodi, atakayefungua ni mimi, kwa sababu mama hawezi kuzungusha ufunguo. Bisha kwa nguvu. Nikiwa jikoni huwa sisikii.